Nikatie Hapa

Nimezimwaga kitandani, picha thelathini na sita,
roli moja, likizo moja.
Kumi na moja ni ukungu mtupu.
Mbili zina kidole changu.
Moja ni sakafu ya behewa, daraja la tatu,
na ganda la karanga, kila mstari wake unaonekana.
Sijui nilikuwa nawaza nini.

Mimi ni karani wa mizani ya tumbaku, Urambo.
Nasoma mshale, naandika kilo, namwita anayefuata.
Kamera niliinunua kwa bwana mifugo aliyehamishwa,
mkanda wake umeungwa kwa kamba ya kiatu,
na tangu hapo kila Julai napanda treni ya Kigoma
kufuata mwanga
kama wenzangu wanavyofuata nyuki porini.

Hii ni Malagarasi, kutoka darajani:
chuma, chuma, maji kidogo, chuma.
Mto wenyewe ulipita nilipokuwa nikizungusha filamu.
Hii ni Uvinza, chumvi juani.
Mihayo wa studio aliigeuzageuza, akaniuliza,
"Hili ni shuka la nani?"
Hii ni Kibirizi. Dagaa mpaka mwisho wa macho.
Nzuri, wote husema nzuri,
lakini haina hata inzi mmoja, na mimi nakumbuka inzi.

Na hii.
Nguruka, saa moja asubuhi.
Tuliambiwa dakika kumi, tukakaa saa mbili.
Mwanamke chini ya dirisha, sinia la samaki kichwani,
mwanga umemgusa shavu
kwa mgongo wa kiganja, kama anayepimwa homa.
Nikabonyeza. Akainua uso.
"Umenipiga?"
"Nimekupiga."
"Basi utaniletea."

Lugha yetu haifichi mtu.
Picha tunaipiga, kama ngoma, kama mhuri,
kama tunavyompiga mwizi.
Hodi tu ndiyo sikuipiga.
Halafu tunaipeleka mjini ikasafishwe,
maana imetoka mikononi mwetu.

Mwaka uliofuata nilishuka Nguruka na bahasha.
Nilikuwa nimeikuza, ukubwa wa daftari.
Nilikuwa nimeshaziandaa hata shukrani zake,
na namna nitakavyozikataa kwa adabu.
Skolastika, waliniambia, yule wa samaki, yuko kisimani, ngoja.
Nikangoja.
Akaja, akafuta mikono kwenye kanga, akaipokea.
Uso wake hakuutazama.
Ule uso! Kope moja moja, nilizihesabu usiku mzima!
Kidole chake kikapita juu ya shavu lake mwenyewe
kama mtu anayevuka uwanja kwenda kwake,
kikasimama pembeni kabisa, penye doa
nililodhani ni kasoro ya karatasi:
ndoo ya njano, bega, kichwa kilichogeuka.

"Bukuru," akasema.
Nikasema, "Nani?"
"Huyu Bukuru. Butoyi yuko nyumbani.
Huyu aliondoka wiki hiyo hiyo, machimboni, Chunya.
Hajapiga simu."

Kisha akachora mstari kwa ukucha,
kati ya sikio lake na ile ndoo.
"Nikatie hapa."
Kinyozi wa stesheni alituazima mkasi.
Nilikata. Mkono ulinitetemeka, nikala kidogo ya mpini wa ndoo,
nikaomba radhi, akasema haidhuru.
Kile kipande, kidogo kama tiketi,
alikifunga kwenye pindo la kanga, pamoja na hela.
Iliyobaki akanirudishia.
"Hii kaa nayo. Mimi kioo ninacho."

Ninayo. Ina pengo pembeni,
na mwanamke aliyeangaziwa vizuri sana.

Siku hizi picha zangu naanza kuzisoma kwenye kingo.
Usiku wa leo nimeirudia ile ya sakafu.
Nyuma ya ganda la karanga, karibu na ukingo,
kuna ncha ya kidole cha mguu, kandambili ya bluu,
mtu aliyekaa mbele yangu kutoka Tabora mpaka kunakucha.
Nimeileta karibu na taa.
Sikumbuki hata kama tulisalimiana.