Punje za Ndengu

Nimetandaza ramani ya Njiru mezani,
nimeikandamiza kwa kikombe na stepla,
na nusu kilo ya ndengu nimeimwaga pembeni:
punje moja, wageni hamsini.

Jumamosi ya kwanza, wamesema, watakuja elfu tisa
kuona nyumba ya vioo palipokuwa machimbo ya mawe,
vipepeo juu ya shimo
lililoula mgongo wa baba yake Kavinya.

Basi nazisukuma kwa kidole.
Arobaini zapitia Barabara ya Kangundo.
Thelathini zashuka kwenye reli, Dandora;
kutoka hapo ni mwendo wa kutokwa jasho,
nimeutembea mwenyewe, na mvua, na viatu vya ofisini.
Zilizobaki zimerundikana Donholm
kama zinazosubiri kuchemshwa.

Bosi anapita. "Basi la mwisho?"
"Saa kumi na mbili na nusu, lango likifungwa."
"Safi," anasema, na chai yake inaondoka naye.

Ni Kavinya, akipiga deki chini ya meza yangu,
anayeinuka na punje moja kiganjani.
"Hii imeanguka."
Kumbe ameajiriwa huko pia, kuanzia mwezi ujao,
kupangusa alama za vidole kwenye vioo
wageni wakishaondoka.
"Wanasema tutamaliza saa tatu. Usiku."

Naitazama ramani. Mistari yote myekundu
imelala saa kumi na mbili na nusu.

Nachukua penseli. Nachora mmoja mwembamba,
saa tatu na robo, langoni hadi Mwiki,
wa punje moja isiyotimia hamsini.

Bosi atauliza ni wa nani.