Meza ya Tatu

Nimepasua matumbo mimi, miaka ishirini na miwili,
pale Mwaloni Kirumba, meza ya tatu kutoka kwenye barafu.
Sangara wa kilo arobaini namfungua kwa pumzi moja:
kisu chini ya pezi, vuta, matumbo beseni la kushoto,
bondo beseni la kulia, maana bondo ndilo ada ya shule.
Kwa hiyo usinisimulie habari za ndani.
Ndani ni kwetu. Humo mnanuka, mnateleza, mna weupe wa lulu.

Damu ilipoonekana chooni nikasema ni bawasiri,
nikachemsha mizizi ya shemeji. Ikakoma.
Kwaresima ikarudi.
Binti yangu Nyanjige akanipandisha kilimani, hospitali,
juu ya yale mawe.

Sikutaka. Mama alipandishwa
mwaka ule magugu-maji yalipofunga gati.
Wakamfungua toka kifuani hadi kitovuni,
wakamshona kwa uzi mweusi, kama nyavu,
akarudi Ukerewe kwa meli, kwenye orodha ya mizigo.

Daktari Lugembe akatabasamu kwa staha:
"Hatukupasui, mama. Tunaingia mlangoni."
Nikauliza, mlango upi?
Sista akatazama dirishani.

Usiku ule nikanywa lita nne za maji ya chumvi
yenye ladha ya chungwa lililokufa.
Nikachimba njia kati ya kitanda na choo,
hata saa tisa nikawa natoa maji
meupe kuliko ya bomba letu la Igogo.

Asubuhi wakanilaza ubavu wa kushoto, magoti kifuani,
vile tunavyopanga sato kwenye tenga.
Sindano ikachukua nusu yangu;
nusu ikabaki, inatazama kioo.

Nikajiona.
Pango refu la waridi, linang'aa, linapumua,
pete juu ya pete, kama koo la kifaranga,
na taa inasonga mbele, taratibu,
kama karabai ya dagaa usiku usio na mwezi.

Halafu ikasimama.
Palikuwa na kitu kimeota ukutani,
chekundu, kina shingo, kimestarehe
kama mpangaji asiyelipa kodi.

"Huyo," akasema Lugembe.
Akadunga maji ya buluu chini yake, kikaumuka kama andazi.
Akatoa kitanzi, waya mwembamba kuliko mshipi.
Akakivisha, akakosa. Akakivisha, kikateleza.
Nilitaka kumwambia: usimkimbize, mwache ageuke,
lakini ulimi ulikuwa umelala.
Mara ya tatu kikakaa shingoni.
"Kaza, Nyamato." Sista akakaza. "Moto."
Moshi kidogo.
Nikangoja maumivu kama mtu anayengoja chenji.
Hayakuja.

Wakakibana kidonda kwa kibanio cha chuma,
wakasema kitadondoka chenyewe siku yake.
Kitu changu wakakitia kichupani. Nikaomba kukiona.
Ukubwa wa jicho la sangara.
Nimetupa macho kama hayo maelfu.

Mwaloni wakaniuliza kovu liko wapi.
Halipo, nikasema. Basi umeibiwa hela, wakasema.
Yunge akataka kujua wamepitia wapi.
Nikamwambia.
Soko zima likaangua kicheko, hadi wapima mizani,
nami nikacheka nao, ningefanyaje.
Baadaye Yunge akanifuata nyuma ya barafu,
anafuta mikono ambayo ilikwisha kukauka:
"Hata mimi naiona. Tangu Pasaka."

Majibu ya kichupa ni Alhamisi ijayo.
Tutapanda wawili.

Leo sangara wa kwanza kaja, kilo thelathini na mbili.
Nikaweka kisu chini ya pezi,
kikatulia pale, zaidi ya desturi.
Mnunuzi wa mabondo akang'aka:
"Vipi, mama, umesahau kazi?"

Sijasahau.
Nilikuwa napiga hodi.