Soksi ya Dirisha la Tatu

Maimu, walikuja na feni pana kama ungo,
wakaifunga mlangoni kwa turubai jekundu,
ikavuta hewa nje mpaka jengo likabana pumzi.
Taavet mhandisi, kijana asiyevua kofia,
akapita chumba hadi chumba na moshi mwembamba
kwenye ncha ya vidole, akitazama unakopinda.
"Jengo husema lenyewe," aliniambia, "ukilinyima hewa."

Uhasibu, ghorofa ya tatu, upande wa mto,
moshi ulilala ghafla kama nyasi.
Dirisha lako.

Unazikumbuka Januari zetu?
Kalamu ziligoma hadi tuzipulizie.
Tulipiga hesabu ndani ya makoti, glavu zimekatwa vidole,
na bomba la joto chini ya dirisha likichemka, haligusiki:
magoti yanaungua, mgongo unaganda.
Joto la mji lilipita kwetu likielekea mbinguni,
na mimi ndiye niliyeandika malipo yake kila mwezi.
Miaka ishirini na tisa nimewalipia kunguru wa Tartu.

Mkurugenzi alitaka kubomoa. Alikuwa na picha nzuri.
Urve wa halmashauri akaja na karatasi moja tu:
hesabu ya saruji iliyochomwa mwaka sitini na nane,
moshi uliokwisha kwenda na haurudi.
"Ukibomoa," alisema, "utauchoma upya."
Nilizipitia tarakimu zile mara tatu, nikisaka kosa.
Hakuna.

Basi likabaki, mifupa na ngazi na lifti inayokohoa.
Wakalivisha nyuzi za mbao, unene wa shibiri nzima,
na plasta ya chokaa, rangi ya uji wa shayiri.
Vioo vitatu mahali pa viwili vilivyokuwa vikigombana.
Darini wakaweka sanduku la bati
ambamo hewa chafu, ikitoka, huiachia safi joto lake,
zikapishana bila kugusana,
kama majirani wanaosalimiana kwenye ngazi.

Siku ya kung'oa dirisha lako nilikuwepo.
Fundi Kalju alichokoa kwa bisibisi:
pamba ya duka la dawa, imekuwa kijivu,
utepe wa karatasi, gundi ya unga,
gazeti lenye bei za viazi
za mwaka ambao nchi ilikuwa na jina jingine,
na ndani kabisa, soksi.
Moja. Ya mtoto.
Ya bluu, imefumwa kwa mkono, kisigino kina kiraka.

Ya Indrek.
Tulikula meza moja miaka kumi na minne,
tukasema bei, tukasema magoti, tukamsema bosi.
Ulirudi kutoka likizo ile ndefu, umekonda,
ukasema tu kwamba dirisha linaingiza upepo.

Usipoziba ufa, walisema wahenga.
Wewe uliziba kwa ulichokuwa nacho.

Kalju aliuliza: nitupe?
Nikasema: lete.

Sasa ni Februari, nje nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
nami nimevaa blauzi.
Bili imeshuka hadi robo. Nimeikagua, nikaikagua tena.
Ülo wa mishahara analalamika kwamba joto linamlaza;
alilalamika pia alipokuwa akitetemeka.
Nisichokizoea ni kimya. Mluzi wa dirishani haupo,
nasikia saa yangu ya mkononi.

Na mbayuwayu wale waliokuwa wakiingia
kwenye nyufa za paa kila Mei?
Taavet alitaka kuziba zote. Urve akakataa katakata.
Wamepachika visanduku kumi na kimoja ndani ya koti jipya,
kila kimoja na tundu la vidole viwili.
Vyote vitupu bado. Mei iko mbali.

Vyote, isipokuwa cha tatu kutoka kona ya mto.
Nilimpa Kalju kitu akitie ndani
kabla hajapigilia ubao.
Kwenye hesabu za mradi hakimo.