Kigae Kisichofanana

Jengo la ghorofa sita, Mtumba.
Vumbi limelipaka kabla ya mpaka rangi.
Wenye vigae wanasema limekwisha,
waliziba kuta kabla sijapima.
Mimi nasema bado: humo ndani
mna jengo jingine, la mabomba,
na hilo halijaulizwa kitu.

Saa kumi jioni tulilijaza maji.
Chedego akasukuma pampu ya mkono
hadi mshale wa geji ukagota kumi.
Nikachora mstari mwekundu juu ya kioo,
nikaandika saa, tarehe, jina,
tukaliacha limebana pumzi.

Usiku upepo wa Julai ulitikisa mabati ya Ihumwa.
Sikulala. Nilihesabu viungo:
mia nne na kumi na viwili,
kila kimoja kimefungwa na mkono wa mtu,
na hakuna mkono usiochoka.

Asubuhi mshale uko chini ya wino.
Upana wa unywele.

"Injinia, hiyo ni baridi tu," meneja akasema.
"Maji yakipoa husinyaa. Tia saini,
mgeni rasmi anakuja Jumatatu."
Kweli, baridi hupunguza. Nimepiga hesabu,
na hesabu yangu inafika nusu ya unywele.
Nusu iliyobaki ni ya nani?

Nimekulia Mvumi, kwenye maji ya chumvi.
Birika la mama lilivaa gamba jeupe kwa ndani,
nene kama ukucha wa kidole gumba.
Nayajua maji haya, hayana pupa.
Yakipata tundu la sindano
hayagombi, hayapigi hodi;
yanahamia.

Tukazima jenereta. Tukavua viatu.
Chedego akabandika bilauri ukutani, sikio juu yake,
chumba baada ya chumba,
na vijana wa rangi wakicheka ngazini.
Ghorofa ya nne, choo cha wanawake,
akainua kidole:
"Linanong'ona."

Nyundo. Vigae vinane chini.
Kiungo kimoja, katani imezungushwa mara tatu
pale panapotaka saba.
Chedego akakitazama muda mrefu.
"Hiki nilikifunga mimi," akasema,
"siku ile mtoto alipolazwa."
Sikumjibu.
Nilimshikia bomba, akakaza.

Safari ya pili mshale ulilala juu ya mstari
usiku kucha, haukugeuka ubavu.
Nikatia saini.

Jumatatu walikata utepe, wakasifu rangi.
Vigae vya aina ile viliisha dukani,
tulivyoweka vimekolea kidogo,
na kila anayenawa mikono pale
humlaani fundi asiye na jicho.

Chedego ndiye anayetunza pampu za jengo sasa.
Akifika ghorofa ya nne, kama hakuna mtu,
huingia, hukiweka kiganja juu ya kile kigae
kama anayepima homa
kwenye paji la uso la mtoto.