Chafya

Kitabu cha hadithi, kile kimoja tunachopokezana madawati manne,
kina mbwa mwitu wa kijivu, amesimama kwenye theluji.
Darasa la Sita B, hapa Ipole, halijawahi kuona theluji
wala mnyama huyo.
Nikawaambia: huyu si wa kwetu, tumemwazima jina tu.
Wa kwetu yuko ng'ambo ya Mto Koga,
masikio mapana kama visahani,
mguu wa mbele vidole vinne, si vitano kama mbwa wa nyumbani,
na mwili kama ukuta uliorushiwa rangi na fundi aliyedhulumiwa.

Nilimchora ubaoni. Chaki nyeupe, mkaa,
na udongo wa kichuguu niliouloweka usiku.
Hakuna wawili wenye mabaka sawa, nikasema,
kila mmoja amezaliwa na kitambulisho chake.
"Kumbe wao hawapangi foleni," akasema Mihayo.
Wakacheka. Nami nikacheka, nimegeukia ubao.

"Walikula mbuzi wetu watatu." Huyo Kabula.
Sikubishana naye. Mbuzi watatu ni sare, ni madaftari,
ni mbolea ya tumbaku kabla bani halijawashwa moto.
Niliandika pembeni mwa ubao: mbuzi 3.
Sijaifuta mpaka leo.

Nikaendelea. Wakiangusha mnyama, watoto hutangulia kula.
Aliyeteguka mguu hubaki shimoni,
wenzake wakirudi humtapikia nyama.
"Kama wodini Sikonge," akasema mmoja, "chakula kinatoka nyumbani."
Ndiyo. Kama wodini.
Na kabla ya kwenda kuwinda, watu wameona, hupiga chafya.
Zikizidi, kundi linainuka.
Zikipungua, wanalala tena.

Darasa zima likapiga chafya.
Ilikuwa saa nne kasorobo na harufu ya uji inapita dirishani.
Nikashindwa kwa kura, tukatoka.

Lushinge peke yake hakupiga.
Baba yake hutega. Kila mtu anajua,
lakini nyama ya Jumapili haiulizwi ilikotoka.
Naye alinisikia niliposema kwamba mtego hausomi sura,
kwamba waya uliotegewa swala humkaba yeyote apitaye,
na akiukata akaondoka nao shingoni,
unamchinja kidogo kidogo, kila anapomeza.

Alhamisi nikakuta waya mezani kwangu.
Waya wa breki ya baiskeli, umekunjwa vizuri kama mkanda,
umenasa nywele chache, nyeupe na nyeusi.
Sikuuliza.
Niliutundika msumarini, chini ya mchoro.
Jumatatu msumari ulikuwa mtupu.
Labda mwizi. Labda mzee alizihesabu nyaya zake usiku.
Lushinge alikuwa anaandika, kichwa chini,
karibu kalamu itoboe daftari.

Jumamosi akaja bwana mifugo na kasha la barafu,
maana kichaa cha mbwa wetu kikivuka Koga
hakimgusi mmoja kikaridhika. Wanaolishana mdomo kwa mdomo
huambukizana mdomo kwa mdomo.
Wakaletwa kwa kamba za magome, wakibweka, wakikojolea nguzo ya bendera:
Wivu wa akina Mihayo, Tutaonana, Hainihusu,
hata yule kipofu wa mrina asali.
Kabula alileta wawili. Akanitazama
kana kwamba ninadaiwa, na kweli ninadaiwa.

Wa mwisho, jua limeshachoma, akatokea Lushinge
amembeba mbwa mkubwa kuliko mikono yake, miguu inaburuta vumbini.
"Anaitwaje?"
"Hana jina. Ni wa kazi."
Bwana mifugo akasubiri, kalamu hewani, kadi ya chanjo gotini.
"Lazima niandike kitu."

Lushinge akaangalia upande wa mto.
Akafikiri sana.

Kisha akapiga chafya, moja tu.

Palikuwa na vumbi. Sijui.
Nami, mtu mzima, mwenye cheti na chaki mfukoni,
nikajibu.