Rasimu ya Saba

Profesa Dulamsuren amepiga mstari mwekundu
chini ya neno "athari".
Pembeni kaandika: Athari gani? Kwa nani? Utaipimaje?
Herufi zake zimelala upande mmoja
kama nyasi za nyikani upepo ukishapita.

Mwanzo nilitaka kuchunguza moshi.
Ulaanbaatar yote, nilisema, kipupwe chote,
kila bomba, kila pafu.
Hakucheka. Alinimenyea mji kama kitunguu:
akatoa maghorofa, akatoa viwanda,
akatoa wanaume walioko machimboni,
mkononi mwangu kikabaki kilima kimoja,
mahema ya sufu mia mbili na kumi na nne,
na swali dogo la kutoa machozi:
usiku nani anakohoa, na nani anamsikia?

Nikaandika hojaji. Maswali arobaini na mawili,
visanduku vimepangwa kama meno ya mtoto.
Nikaijaribu kwa shangazi Tsevelmaa.
Je, kuna anayekohoa humu ndani? Hapana.
Mnaongeza makaa usiku? Hapana.
Hapana, hapana, huku akinimiminia chai ya chumvi,
maana mwenye karatasi ni serikali,
na serikali ikijua unachochea sana
huenda ikakupunguzia gunia.
Nyuma ya pazia mjukuu wake akakohoa mara nne.
Nikatia alama kwenye "hapana".
Sikuwa na kisanduku cha kikohozi kinachojijibia.

Basi, mashine. Nikaazima kipimahewa cha chuo,
kinachohesabu vumbi kila dakika, hakimwogopi mtu.
Lakini betri yake huzimia kwenye baridi,
nikawa nakibeba kwapani kama mwanakondoo wa jana.
Na hata kikiwa kizima
hakijui ni nani aliyelazwa karibu na jiko.

Sampuli: kila mlango wa tano.
Isipokuwa wa tano ukiwa na mbwa.
(Hili sikuliandika. Sasa ninaliandika.
Wenye mbwa wana kitu, au wanamwogopa mtu;
nikiwaruka, nimekiruka kilima nusu.)

Na kalamu! Kwenye nyuzi thelathini chini ya sifuri
wino hugoma. Hakuna kitabu cha mbinu
kilichonionya. Ninatumia penseli.

Penye foleni ya maji wanawake wanasema yote,
bila hojaji, madumu yakigongana:
yupi hakulala, yupi alimpeleka mtoto hospitali kwa miguu.
Nikawaza, niwakutanishe, niwarekodi.
Lakini jirani mbele ya jirani huchagua maneno,
na foleni ikishaitwa "kikundi cha majadiliano"
si foleni tena.

Ndipo bibi yangu, asiyejua kusoma,
akanifungulia kopo lake la vifungo.
Tunga kwenye uzi, akasema. Kila kikohozi,
mama asogeze kimoja, gizani, bila taa.
Asubuhi wewe hesabu.

Kamati ya maadili imeniuliza kwa barua
vifungo vitahifadhiwa wapi, kwa usiri gani.
Nimejibu: kwenye kopo. Lina kifuniko.
Shangazi ameuliza gumu zaidi:
"Na ukishajua?"
Sehemu hiyo ya fomu ina mistari mitatu.
Nimeiacha wazi.

Leo uzi wa majaribio umerudi kutoka kwake.
Kumi na tisa, kwa usiku mmoja.
Mwishoni, mbali na vingine,
kuna vitano vyeusi vilivyofungwa fundo.
"Na hivi?"
Akageukia jiko, akachokora majivu yasiyohitaji kuchokorwa.
"Hivyo ni vyangu."

Ukurasa wa tatu unasema wazi:
watu wazima hawamo.
Nimechonga penseli kwa kisu cha nyama.
Nimeanza kufuta.