Matairi Matatu

Mama alituma marando kwa basi la usiku kutoka Mbale,
yamefungwa gazeti bichi, gazeti ndani ya gunia,
na juu ya gunia jina langu, Kageha,
kwa kalamu iliyokuwa ikiishiwa wino.
Alipopiga simu hakuuliza kama yamefika.
Aliuliza, "Huko Uthiru jua hutoka saa ngapi?"

Nikamdanganya. Nikasema saa moja, kama kwenu.

Kweli ni hii: mwezi wa saba hapa
jua ni mgeni wa heshima.
Linatarajiwa asubuhi, linaingia saa nane,
halikai, halinywi hata chai,
linaaga na koti lake bado mwilini.
Kipupwe kinashuka kutoka Limuru kimelowa,
kinakaa juu ya paa letu, ghorofa ya nne,
kati ya matangi ya maji na kamba za nguo,
na sare yangu ya kazi inachukua siku tatu kukauka.

Kiazi kitamu hakiyataki haya.

Kwa fundi wa pancha nikaomba matairi matatu
yaliyokwisha meno.
Nikayaegemeza ukuta unaotazama machweo,
maana mpira mweusi huficha joto
kama nyanya afichavyo sarafu katika pindo la leso.
Udongo mwekundu, mchanga wa mto, samadi kiganja kimoja tu.
"Ukikilisha kupita kiasi," Mama alionya,
"kitakupa majani na majivuno."

Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku, wodi ya watoto njiti.
Kazi yangu, ukiondoa maneno makubwa, ni kutia joto.
Umeme ukipotea tunachukua chupa, maji moto, taulo,
tunazipanga kandokando yao, tunahesabu pumzi.
Basi asubuhi nikifika nyumbani, kabla ya kuvua viatu,
napanda ngazi hadi juu
nagusa udongo kwa mgongo wa mkono.
Tairi la kwanza: baridi.
La pili: baridi.
La tatu, lililo karibu na bomba la moshi wa mkate
wa duka la chini: afadhali.
Nikaleta chupa. Ndiyo, nilileta chupa.
Njogu, mlinzi wa nyumba, alinikuta nikizifunika
akasema, "Sista, hata mke wangu hajawahi kunifunika hivyo."

Mwezi wa kumi marando yalivuka mpaka,
yakapanda kamba ya nguo ya Mama Nsimire wa Bukavu.
Nikaenda kuomba radhi.
Nilimkuta na sufuria, mawese yakinukia,
majani yangu yameshakatwakatwa.
"Miezi mitatu unaangalia chini," akanicheka,
"na chakula kinakuangalia usoni.
Kaa. Leta sahani."
Kwetu majani yale tulimpa mbuzi.
Nilikula, nikaongeza, nikamwomba mbuzi msamaha.

Januari nikafukua.
Tairi la kwanza lilikuwa na nyuzi, nyuzi tupu,
kama mtu aliyeanza kusuka akaitwa.
La pili panya alinitangulia, akaacha ganda kwa adabu.
La tatu: vinne.
Vyekundu, vimejikunja, kimoja kama ngumi,
vingine kama vidole vya mtu anayeshika kitu asiachie.

Nilivipima. Ni mazoea ya kazi, sijui kutopima.
Vyote vinne, gramu mia tisa na kumi.

Uzito huo naujua.
Nimewahi kuuona ukifungwa shali ya njano,
ukibebwa langoni, ukienda kwao.

Nikampigia Mama, nikamwambia juu ya jua, ukweli wote.
"Nilijua," akasema. "Kwani gazeti nilifunga mara mbili la nini?
Usivile leo. Vilaze penye joto siku saba,
ngozi ikaze, utamu uingie."

Nikavilaza nyuma ya friji, mahali inapopumua.
Nikavifunika.
Kisha nikavaa sare, bado mbichi kwapani,
nikaenda kazini.